Kazi ya shule ya mtoto ilivyofukua siri ya babu askari

Dar es Salaam. Karatasi ilitoka kwenye begi la mtoto Ijumaa jioni, imekunjwa mara nne kama zilivyo karatasi zote za shule. Mwalimu wa darasa la tano alitaka kila mwanafunzi achore mti wa ukoo wake mpaka atakapofika, kisha aandike habari za ndugu mmoja wa zamani aliyekuwapo kwenye tukio la kihistoria.

"Nikaona hii kazi rahisi sana," anasema mama wa mtoto huyo, mzaliwa wa Pangani mkoani Tanga, ambaye kwa miaka 13 sasa anaishi jimbo la Georgia, Marekani, na mume wake ambaye ni Mmarekani mweupe. "Mamamkwe wangu alikuwa na jibu lake tayari, tena limetundikwa ukutani."

Jibu lenyewe ni picha ya kijana mwembamba, nywele zimelazwa kwa mafuta, amevaa koti la kijeshi la kijivu. Huyo ni babu wa babu yake mume wake. Alipigana upande wa majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kila mjukuu wa familia hiyo amekua akisikia sentensi ileile: alikuwa mkulima masikini, hakuwa na mtumwa hata mmoja, alikwenda tu kulinda nyumba yao.

Nilikutana na mama huyu alipokuja likizo. Mimi huandika habari za afya, na nilimtafuta kwa jambo jingine kabisa: nilitaka wazazi walioko nje wanieleze wanavyokusanya historia ya magonjwa ya familia zao. Akacheka, akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nilianza na historia ya magonjwa nikaishia pengine." Aliomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa mamamkwe wake yuko hai na wanapendana.

Kwa msomaji aliyesahau somo la historia, vita hivyo vilianza mwaka 1861 na kumalizika 1865. Majimbo 11 ya Kusini yalijitenga na kuunda serikali yao, Konfederasi, na utumwa ndio uliokuwa kiini cha ugomvi. Wakati huo Marekani ilikuwa na watumwa wanaokaribia milioni nne. Mtoto mwenye mama Mtanzania mweusi na babu aliyepigania upande huo ana maswali ya kuuliza, na huyu aliuliza.

Kadi za askari

Walianzia kwa bibi mwenyewe, na hapo hawakukosea. Ukoo hutafutwa kutoka kwa walio hai kurudi nyuma, si kutoka kwa shujaa kuja mbele. Bibi alikuwa na Biblia kubwa ya familia yenye kurasa za katikati zilizoandikwa kwa wino nani kazaliwa lini na nani kafa lini. Kwa familia nyingi za huko, kabla serikali haijaanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, kurasa hizo ndizo zilizokuwa cheti. Kutoka hapo walipata jina kamili la askari, mwaka wake wa kuzaliwa, 1843, na kaunti alikozaliwa.

Kaunti ni muhimu kuliko mtu anavyodhani. Majina kama Smith au Johnson yako tele kwenye majeshi yale, na karani wa jeshi mara nyingi aliandika herufi ya kwanza tu ya jina. Usipojua kijana alitoka kaunti gani, utajikuta umeleta nyumbani babu wa watu wengine.

Jina lenyewe nalo laweza kukudanganya. Henry Morton Stanley, yule tuliyemsoma shuleni kwamba alikutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, aliwahi kuwa askari wa Konfederasi. Alitekwa kwenye vita vya Shiloh, Aprili 1862, akafungwa kambi ya Camp Douglas, Chicago, kisha akabadili upande na kujiunga na jeshi la Kaskazini. Ila alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands. Ndugu yake wa damu akimtafuta kwa jina hilo kwenye orodha za askari wa Arkansas, atatafuta mpaka achoke.

Baada ya vita, makarani wa serikali mjini Washington walipitia orodha za vikosi, daftari za hospitali na za magereza ya kivita, wakanakili kila palipotajwa askari na kumwekea kadi zake pamoja. Kadi hizo sasa zipo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani na nyingi zinasomeka mtandaoni. Za babu huyu zilikuwa chache. Aliandikishwa mwaka 1862, mwaka ambao Konfederasi ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wanaume wa miaka 18 hadi 35 kuingia jeshini. Miezi miwili baadaye: hayupo kikosini, mgonjwa. Hospitali, Richmond. Surua.

Hapa mwandishi wa afya nikakaa vizuri kwenye kiti. Surua kwa kijana wa miaka 18? Ndivyo ilivyokuwa. Vijana wengi wa mashambani walikua mbali na miji na hawakuwahi kuipata utotoni. Walipokusanywa maelfu kwenye kambi moja, ikawapitia kama moto kwenye nyasi kavu. Nyuma yake zikaja homa ya matumbo, nimonia na kuhara. Takriban theluthi mbili ya askari waliokufa katika vita ile waliuawa na maradhi, si risasi. Jiji la Richmond lilikuwa na hospitali iliyoitwa Chimborazo, iliyopokea wagonjwa wapatao 75,000 katika miaka ya vita. Chanjo tunayowapeleka watoto wetu kliniki wakiwa na miezi tisa haikuwapo.

Kijana alipona, akarudi kikosini, akaumwa tena tumbo, akarudi tena. Kadi ya mwisho inasema alikuwa miongoni mwa waliojisalimisha Appomattox, Virginia, Aprili 1865, wakapewa hati za kurudi makwao.

"Mwanangu alifurahi sana," anasema mama. "Alishapata hadithi yake. Kuna ugonjwa, kuna vita, kuna kurudi nyumbani. Ningeishia hapo, ingekuwa kazi nzuri ya shule."

Alivyozeeka

Hawakuishia hapo kwa sababu ya jambo dogo. Bibi alitaka waongeze kwamba babu alipata pensheni.

Pensheni za askari wa Kusini zina utaratibu wake. Serikali kuu ya Marekani ililipa askari wa Kaskazini walioshinda. Walioshindwa walitegemea majimbo yao, na majimbo yalilipa walemavu, wazee wasio na kitu, na wajane. Aliyepigania Georgia akahamia Texas aliomba Texas, kwa hiyo mtafutaji huangalia babu alifia wapi, si alipigania wapi. Mjane naye ilibidi athibitishe ndoa, na ndiyo maana mafaili hayo yana tarehe za ndoa, majina ya mashahidi, hata maelezo ya daktari.

Pensheni za vita hivi zilidumu muda mrefu ajabu. Ya mwisho kabisa, dola 73.13 kwa mwezi, ilikuwa ikilipwa na serikali kuu kwa Irene Triplett wa North Carolina, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 90. Baba yake, Mose Triplett, alianza kama askari wa Konfederasi, akatoroka mwaka 1863 na baadaye akajiunga na jeshi la Kaskazini. Irene alizaliwa mwaka 1930, baba akiwa na miaka 83, na alilipwa kwa kuwa alikuwa na ulemavu wa akili tangu utotoni.

Fomu ya babu yetu huyu, aliyoijaza akiwa mzee, inauliza anamiliki nini na anaishije. Hana shamba. Mgongo unauma, tumbo halijakaa sawa tangu vitani, analishwa na mtoto wake wa kiume.

Kumbe bibi hakusema uongo. Babu aliyekumbukwa nyumbani ni huyu mzee masikini, kwa sababu ndiye waliyemuona. Waliomwona akiwa kijana walishakufa, na hakuna aliyewauliza.

Daftari la mirathi

Mume wake ndiye aliyesema, "Basi tuone na baba yake." Sensa ya mwaka 1850 ilimwonyesha kijana akiwa na miaka saba nyumbani kwa baba mwenye ardhi kubwa. Sensa ya 1860 haikumwonyesha baba. Alikufa katikati. Na mtu mwenye mali akifa, mahakama ya kaunti hufungua faili.

Mafaili ya mirathi ya Georgia na majimbo mengi ya Kusini yamepigwa picha, na mengi yanasomwa bure kwenye tovuti ya FamilySearch inayoendeshwa na Kanisa la Wamormoni. Kuna majengo ya mahakama yaliyoungua, wakati wa vita na baada yake, na kaunti zake zina mapengo yasiyozibika. Hii yao ilisalimika.

Faili la mirathi si karatasi moja. Kuna wosia kama upo. Kuna hesabu ya mali, ambapo majirani walioteuliwa huzunguka nyumba na shamba wakiandika kila kitu na thamani yake. Kuna mgawo kwa warithi. Warithi wakiwa watoto, kuna taarifa za kila mwaka za mlezi wa kisheria: kiasi gani kimeingia kwa ajili ya mtoto, kiasi gani kimetoka.

Mama alikuwa amekaa na mtoto kwenye kompyuta, anamsaidia kusoma mwandiko wa zamani. Mwaka 1857. Jembe la kukokotwa na nyumbu, dola kadhaa. Ng'ombe na ndama. Vitanda. Saa ya ukutani. Halafu mstari unaofuata ni jina la mwanaume, jina moja tu bila ubini, umri, na dola. Kisha mwanamke na mtoto mchanga, bei moja kwa wote wawili. Watu 11.

Wa tisa alikuwa msichana. Umri: 10. Bei: dola 600.

"Mwanangu ana miaka kumi," anasema mama, kisha ananyamaza kidogo. "Hakuuliza kitu. Alisogeza tu kidole kwenye kioo, kutoka kwenye umri kwenda kwenye bei. Nami nikataka kufunga kompyuta, nimwambie tukale. Sikufunga, lakini ningeweza."

Waliendelea kusoma kwenye mgawo. Msichana yule alianguka kwenye fungu la kijana wa picha, aliyekuwa na miaka 14. Taarifa za mlezi zinaonyesha kilichofuata: kila mwaka msichana alikodishwa kwa familia nyingine kufanya kazi, na fedha za kodi yake zikaingia kwenye hesabu ya kijana. Upande wa matumizi wa hesabu hiyohiyo umeandikwa ada ya shule. Viatu. Kofia.

Hakuwa na mtumwa hata mmoja, familia ilisema. Alikuwa naye akiwa bado anasoma.

Nilipohakiki jambo hili nilikuta si la ajabu. Mwanahistoria Joseph Glatthaar, aliyechunguza askari wa jeshi la Jenerali Lee, aligundua kwamba zaidi ya theluthi ya waliojitolea mwaka 1861 walimiliki watumwa wenyewe au waliishi na wazazi waliomiliki. Vijana wenyewe walikuwa wadogo mno kuwa na mali kwa majina yao, ndiyo maana ukimtafuta askari peke yake unamwona masikini. Umtafute baba yake.

Karatasi hizohizo, kwa upande mwingine

Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwenye daftari lao peke yake, chini ya jina la mwenye mali: umri, jinsia, rangi. Majina hakuna. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina, baada ya uhuru. Kwa hiyo Mmarekani mweusi anayetafuta ukoo wake akifika 1870 hukutana na ukuta, na mara nyingi tundu pekee kwenye ukuta huo ni hesabu ya mirathi ya familia ya kizungu. Karatasi iliyompangia bibi yake bei ndiyo karatasi pekee inayomtaja jina.

Hata Michelle Obama. Bibi yake wa vizazi vitano nyuma, Melvinia, alitajwa kwenye wosia wa mwaka 1850 wa mmiliki wake huko South Carolina akiwa mtoto wa miaka kama sita, na muda si mrefu akathaminiwa dola 475. Mzee yule alipofariki, Melvinia alipelekwa Georgia kwa binti wa marehemu. Habari hizo zilijulikana kwa umma mwaka 2009, mume wa Michelle akiwa tayari rais.

Na kuna waliotokea upande wa wamiliki wakaamua kufungua makabati. Anayejulikana zaidi ni Edward Ball, ambaye ukoo wake ulikuwa na mashamba makubwa ya mpunga karibu na Charleston, South Carolina, na ambaye babu yake mmoja aliitwa nyumbani kwao "Isaac wa Konfederasi". Kitabu chake cha mwaka 1998, Slaves in the Family, kilitokana na daftari za ukoo huo. Ndani ya daftari hizo kulikuwa na msichana mwingine wa miaka kumi, Priscilla, aliyetolewa Sierra Leone kwa meli mwaka 1756. Kwa kufuata orodha za mashamba, mama kwa mtoto, waliwafikia wazao wake walio hai. Mmoja wao, Thomalind Martin Polite, alikaribishwa Sierra Leone mwaka 2005, baada ya karibu miaka 250.

Mezani kwa bibi

Ilibaki Jumapili, chakula cha mchana kwa mamamkwe. Mama anasema alitamani mume wake ndiye aseme, kwa kuwa ni mama yake yeye. Mume alianza vizuri, akazunguka, akaishia kwenye habari za surua. Mtoto ndiye aliyetoa karatasi waliyoichapa.

Bibi aliisoma mpaka mwisho. Akasema mwandiko ni wa zamani, huenda ni mtu mwingine mwenye jina lile. Akaonyeshwa jina la mama wa kijana, lililomo pia kwenye Biblia yake. Akainuka kwenda jikoni akakaa huko muda mrefu.

"Mume wangu alitaka kumfuata, nikamwambia mwache mama," anasema. "Aliporudi alimuuliza mjukuu wake swali moja: utaandika hivyo shuleni? Mtoto akasema, bibi, nitaandika vyote, na kwamba aliumwa surua pia."

Nimelifikiria jibu hilo siku kadhaa. Mimi sina mtoto bado, na ni rahisi kutoa ushauri ukiwa huna. Lakini nilimuuliza mama alimwandaaje, akaniambia hakumwandaa. Alifanya mambo mawili tu. Alimweleza kile karatasi inachosema, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Na mtoto alipomuuliza usiku kama yeye ni mbaya kwa kuwa ni damu ya yule kijana, alimwambia hapana, wewe hukumkodisha mtu. Lakini sasa unajua jina lake, na watu wengine wanalitafuta.

Kazi ilikwenda shuleni ikiwa na watu wawili, askari na msichana. Picha ya ukutani haijashushwa. Bibi amewaachia Biblia waipige picha ukurasa kwa ukurasa, jambo alilokuwa hataki zamani.

Msichana wanamtafuta hadi leo. Kwenye sensa ya 1870 angekuwa na miaka kama 23, na katika kaunti ile wamepata wanawake watatu weusi wenye jina hilo na umri unaokaribiana. Waliokuwa watumwa wengine walichukua ubini wa wamiliki wao, wengine walikataa kabisa, kwa hiyo ubini peke yake hautoshi. Wameweka orodha ya watu wote 11 mtandaoni, na jina la kaunti, ili anayetafuta upande wa pili aikute. Jina la msichana ninalijua, ila mama aliniomba nisiliandike hapa. Anasema kama ana vitukuu walio hai, wao ndio walipaswa kulisikia kwanza.

Nilipofunga daftari langu, mama alinizuia. Kulikuwa na jambo la mwisho, na ndilo hasa lililomleta likizo mapema mwaka huu. Baada ya kazi kusahihishwa, mtoto aliona upande mmoja wa mti wake umejaa mpaka juu na upande wa pili umeishia kwa bibi wa Pangani. Akauliza: na kwenu, mama, nani alimmiliki nani?

Pangani ilikuwa bandari ya misafara, na biashara ya watu ilipita hapo. Mama anakumbuka akiwa mdogo alikatazwa kuuliza kwa nini jamaa wa nyumba fulani huitwa ndugu lakini hawaozani nao. Alimpigia simu mama yake mzazi, akamweleza yote, kuanzia picha ya ukutani mpaka dola 600, kisha akamuuliza.

"Mama alikaa kimya, nikadhani salio limekwisha," anasema. "Halafu akasema, mwanangu, njoo. Hayo hayasemwi kwenye simu."

Kesho yake asubuhi alikuwa na basi la kwenda Tanga. Mtoto alishanunua daftari.